Toba Ni ya Aliye Hai



Juma lililopita alinijia mama mmoja wa mji wetu, akifuatana na mdogo wake. Alikaa kitambo pasi na kusema neno, kisha akayatoa yaliyomleta. Mwanawe aliondoka Mombasa miaka miwili iliyopita kwa aibu ya unga, naye sasa anaishi Kawangware, Nairobi. Kila asubuhi hupanda matatu ya namba 46 hadi mjini, akatembea kwa miguu mpaka Ngara, akanywa kikombe cha methadoni mbele ya muuguzi, akarudi. Kabla ya hapo alikuwa akipokea sindano safi kutoka kwa watu wa kituo. Mama ameambiwa na jirani kwamba dawa hiyo ni ulevi ule ule uliobadilishwa jina, na kwamba wanaogawa sindano ni wasaidizi wa shetani. Ramadhani inakaribia. Akaniuliza: "Nimwambie aache?"

Sikumjibu papo kwa papo. Nimeona jibu lake niliandike hapa, kwa kuwa wako wazazi wengi wenye swali hilo hilo ambao hawajapata ujasiri wa kuliuliza.

Kwanza tukubali kwamba msiba huu ulianzia kwetu. Wazee wa Malindi, Lamu na Mombasa wanakumbuka jinsi unga wa rangi ya kahawia ulivyovutwa kwa moshi, na jinsi unga mweupe ulipoingia mwishoni mwa miaka ya 1990, vijana wakaanza kujidunga. Mradi wa Omari kule Malindi na jumuiya ya MEWA hapa Mombasa zilianza kuwahudumia waraibu wakati wengi wetu tulikuwa tukiwafukuza barazani. Kijana aliyefukuzwa hapa huenda akaishia Nairobi, mahali asipojulikana nasaba yake. Kibera si ugenini kwa Mwislamu. Ndiyo makazi ya kale ya ndugu zetu Wanubi, na adhana ya Makina husikika humo kila siku. Kawangware nako kuna misikiti. Lakini kijana aliyejificha kwa ajili ya aibu haendi msikitini. Huenda maskani, akakaa na wenziwe penye kete na bomba la sindano.

Basi hawa watu wa kituo wanafanya nini? Kazi yao huitwa kupunguza madhara. Maana yake ni kwamba mtu ambaye leo hajaweza kuacha, asife leo, wala asiambukizwe wala kuambukiza leo, ili kesho apate nafasi ya kuacha. Makadirio ya Wizara ya Afya ya mwanzoni mwa muongo uliopita yalionyesha kwamba watu wapatao asilimia 18.3 ya wanaojidunga nchini walikuwa wakiishi na VVU, ilhali kwa watu wazima wote kiwango kilikuwa asilimia 5.6. Tofauti hiyo ililetwa na sindano moja kupita mikononi mwa watu watatu au wanne. Na waliojidunga wana wake zao na watoto wao.

Mpango wa kugawa sindano ulipoanza nchini kati ya 2012 na 2013, baadhi ya viongozi wa dini, wakiwamo wa kwetu, waliupinga hadharani. Siwalaumu, hofu yao ilitokana na ghera ya dini. Lakini anayetaka kuupima mpango huu na auangalie unavyoendeshwa, kwani kuuendesha si kusimama kichochoroni na kugawa sindano ovyo.

Msimamizi wa mpango wa namna hii katika mitaa kama Kibera na Kawangware ana hesabu nyingi za kutoa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza sindano zisizopungua 200 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa watu 100 hizo ni sindano 20,000. Zote zapaswa kuhesabiwa zinapotoka na zinaporudi, na zilizotumika zikusanywe vichochoroni na kando ya reli, mahali watoto wachezapo, kisha zikachomwe. Ana wahudumu wa mitaani, ambao aghalabu ni waraibu waliopona. Wao ndio wajuao maskani zilipo, na wao pia ndio walio karibu zaidi na hatari ya kurudi nyuma, hivyo wahitaji ujira na uangalizi. Ana daftari la siri ambamo watu huandikwa kwa alama badala ya majina, maana jina likivuja siku moja tu, hakuna atakayerudi. Inambidi pia awatengee wanawake saa zao, kwa kuwa mwanamke mraibu hujificha mara mbili zaidi ya mwanamume.

Tena inamlazimu kukaa na chifu, na wazee wa nyumba kumi, na mkuu wa kituo cha polisi. Sheria ya mihadarati ya 1994 haimkamati mwenye unga peke yake. Humkamata pia mwenye vyombo vya kuutumia. Polisi akimshika kijana kwa sababu ya sindano aliyopewa kituoni, habari huenea mtaa mzima kabla ya magharibi, na kesho yake kila mtu huazima sindano ya mwenzake. Mazungumzo hayo hayana mwisho, kwani maofisa huhamishwa na wapya hufika bila kujua walichoafikiana wale wa kwanza.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hawajalisikia, nalo ni kupima unga wenyewe. Sisemi kupima mkojo wa kijana ili ashitakiwe. Nasema kuichunguza kete kabla haijaingia mshipani, ijulikane mna nini ndani yake. Uholanzi imekuwa na mtandao wa kazi hiyo tangu miaka ya 1990: mtu huleta chembe, maabara huichunguza, na ikionekana mna sumu isiyotarajiwa, tahadhari hutolewa kwa mji mzima. Viko pia vikaratasi vidogo vya kutambua fentanili, ambayo ni kali kuliko heroini mara nyingi.

Msomaji atauliza: tumpimie mtu haramu yake? Hebu tukumbuke yaliyotokea Nairobi yenyewe. Novemba 2000, pombe haramu iliyotiwa methanoli iliua watu zaidi ya 100 katika mitaa ya Mukuru, na wengine wakapofuka. Hakuna mnywaji aliyejua ni chupa ipi yenye kifo. Huko Sierra Leone, dawa iitwayo kush iliwaangamiza vijana hata Rais akatangaza hali ya dharura Aprili 2024. Watu walisema imesagwa na mifupa ya wafu. Sampuli zilipopimwa maabara, matokeo yaliyotangazwa 2025 yalionyesha kwamba nyingi zilikuwa na nitazeni, afyuni za kutengenezwa viwandani zenye nguvu ya kutisha. Uvumi wa mifupa haukumwokoa mtu, lakini matokeo yale yalimwambia daktari apambane na nini.

Katika miji ya Waislamu ya kale, muhtasibu alipita sokoni akikagua mizani, maziwa, mkate na dawa za waganga. Hapana shaka kwamba angelimwaga unga huu mtaroni. Lakini angelipata habari kwamba sokoni mna sumu iuayo, asingelinyamaza kwa hoja kwamba wanaokufa ni wakosefu. Kuionya roho si kuihalalisha kete. Msimamizi hapaswi kamwe kumwambia mtu kwamba kete yake ni salama. Hamna kete iliyo salama. Amwambie tu kile kilichoonekana, na hatari yake. Tena, maadamu sheria haimtambui anayebeba chembe kwenda kupimwa, huduma hiyo haiwezi kusimama mitaani bila idhini ya serikali inayomlinda mletaji na mpimaji. Hilo ni jambo la kudaiwa kwa wabunge wetu, na halifai kufanywa kwa kificho.

Mahali pasipokuwa na maabara, bado iko kinga nyingine. Unga ukibadilika nguvu, au mtu akiwa ameukosa kwa muda kisha akaurudia, mwili wake haustahimili tena kipimo alichokizoea. Mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011 unga uliadimika hapa Pwani, na wengi wetu tuliwaona vijana wakigaagaa kwa arosto. Hatari iliwangojea pale ulipopatikana tena. Hali ni hiyo hiyo kwa anayetoka gerezani, na kwa anayetoka nyumba ya kurekebishia tabia: majuma ya kwanza ndiyo ya kuchungwa zaidi.

Kwa ajili hiyo vituo huweka naloksoni, dawa inayoufungua mwili uliofungwa na afyuni. Kila mzazi na ajue dalili: mtu haamki hata akiitwa na kusuguliwa kifuani, pumzi ni za taratibu mno au anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida, midomo imepauka au kugeuka rangi ya samawati, mboni za macho zimekuwa kama ncha ya sindano. Asimwagiwe maji, asinyweshwe maziwa, asidungwe maji ya chumvi. Itwe ambulensi, asaidiwe kupumua, apewe naloksoni kama ipo, na akianza kupumua alazwe ubavuni. Wala asiachwe peke yake hata akiamka, kwa sababu naloksoni huisha mwilini kabla ya heroini, naye huweza kuzama tena. Hatari huzidi kwa anayechanganya unga na pombe au vidonge vya bugizi.

Nakurudia wewe, dada yangu. Usimwambie aache.

Methadoni ni afyuni, jirani yako hakusema uongo. Lakini hunywewa mara moja kwa siku, kwa kipimo cha daktari, mbele ya muuguzi. Huondoa arosto pasi na kumlewesha aliyepangiwa kipimo kinachomfaa, naye akaweza kufanya kazi na kulala usiku. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Kenya ilianza Mathari Desemba 2014, na Malindi ikafuata 2015. Ukimwamuru aikate ghafla, arosto itamrudisha kwenye unga, tena akiwa na mwili uliopoteza ustahimilivu wake. Akitaka kuacha, na aache kwa kupunguziwa hatua kwa hatua na daktari wake. Akikosa siku tatu mfululizo, asirudie kipimo kile kile. Awaeleze wauguzi ili wakipange upya.

Kuhusu Ramadhani, mimi si mufti. Ninalojua ni kwamba kuinywa mchana hufuturisha, na kwamba mgonjwa amepewa ruhusa na Mola wake. Basi mwanao na aulize kliniki kama kuna saa inayoweza kuafikiana na futari au daku. Ikiwa hakuna, na amweleze sheikh anayemwamini hali yake yote, bila kuficha kitu, apate hukumu yake. Asiamue peke yake, wala wewe usimwamulie kwa neno la jirani.

Na kwa wale wanaodhani kwamba jambo hili ni la wasio Waislamu, Iran imegawa sindano na methadoni hata magerezani mwake, na Malaysia ilifikia kutoa methadoni ndani ya msikiti wa Ar-Rahman, Kuala Lumpur, pamoja na swala na mawaidha. Maulamaa wetu wametufundisha kwamba kuihifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sharia, na kwamba madhara mawili yakikutana, hubebwa lililo jepesi ili kuliepuka lililo zito. Sindano safi ni dhara. Nani atasema ni nzito kuliko jeneza?

Limebaki la kwetu sisi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, miradi mingi ya VVU nchini iliyumba. Kumbe roho za wanetu zimening'inia kwenye bajeti ya watu wa mbali. Misikiti yetu hukusanya sadaka kila Ijumaa. Nauli ya kijana mmoja kutoka Kawangware hadi Ngara na kurudi, kila siku pasi na kupumzika hata Idi, ni mzigo unaowashinda wengi. Ni wangapi wameikosa dawa kwa kukosa nauli? Hilo latosha kuwa mwanzo: kamati ya msikiti imchukulie mmoja, kisha wa pili.

Nawe, dada, mpigie simu leo. Usimwulize ameacha lini. Mwulize amekula nini, na nauli ya kesho anayo. Mlango wa toba u wazi, lakini haingii ila aliye hai, na kumweka hai mpaka afike mlangoni ni sehemu ya kazi yetu.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasitiri wazazi wao, na awarejeshe majumbani waliopotea. Amin.

Wabillahi tawfiq.