Askari Yuko Kongo, Watoto Wake Wako Mtaani Kwetu



Tunaoishi huku tunaona jinsi wenzetu wanavyowakumbuka wanajeshi wao. Uingereza, Novemba ikifika, watu wanatembea na ua jekundu kifuani, na wengi wetu tunalivaa kazini ili tusionekane wa ajabu. Marekani shule na makanisa yanafunga maboksi ya soksi, kahawa na kadi za Krismasi kwa askari walio mbali. Sina ugomvi na hilo. Ninachouliza ni hiki: ni nani kati yetu anaijua nyumba moja, moja tu, ya askari wa JWTZ ambaye sikukuu hii yuko Kongo au Jamhuri ya Afrika ya Kati?

Tusidanganyane. Sisi mwanajeshi tunamjua akiwa kwenye gwaride, au akirudi ndani ya jeneza lenye bendera. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu ilivamiwa Semuliki, huko Beni, Kivu ya Kaskazini. Walikufa vijana wetu 15 na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Katibu Mkuu Guterres alisema ni shambulio baya kuliko yote dhidi ya walinda amani katika historia ya karibuni ya Umoja wa Mataifa. Krismasi ilikuwa imebaki siku 18. Wiki ile tulilia sote, tukabadilisha picha zetu mitandaoni, na Januari mjadala ukahamia kwingine. Mtoto wa marehemu aliyekuwa darasa la kwanza mwaka ule leo yuko sekondari. Nani anajua anasomaje? Na Aprili 2024 watatu wengine, safari hii wakiwa na jeshi la SADC, waliuawa na kombora lililoangukia karibu na kambi yao. Hao hata wiki ya kuliliwa hawakuipata.

Najua watakaosema: mimi sikubaliani na kupeleka vijana Kongo. Sawa, hata mimi nina maswali yangu. Umoja wa Mataifa haumlipi askari mkononi, unailipa serikali yake. Kuanzia Julai 2018 kiwango kilikuwa dola 1,428 kwa askari mmoja kwa mwezi, na baadaye kikapandishwa. Kinachomfikia askari mwenyewe, na lini, hilo ni la serikali yake, na wabunge wetu wanapaswa kuliuliza hadharani. Tuwabane. Lakini mke wa koplo pale Mbagala hakukaa Baraza la Usalama, wala hakuulizwa. Yeye anajua tu kwamba simu ya mumewe haipatikani tangu Jumapili.

Majirani zetu Wakenya uchungu huo wanaujua. Kambi yao ya El Adde, Somalia, ilipovamiwa Januari 15, 2016, serikali haikutoa idadi kamili ya waliokufa, na al-Shabaab wakasambaza picha za maiti.  Kwa hiyo kabla hata ya kutuma senti, picha za namna hiyo zikikufikia zifute. Usimpelekee mtu, hata kwa nia ya kumpa pole.

Halafu tusianze kuunda kamati, maana kamati zetu za ughaibuni tunazijua, mweka hazina hupatikana kabla ya hazina. Ukituma hela ya sikukuu, muulize mama: hapo mtaani nani mumewe yuko misheni? Ongeza kidogo juu yake. Mama aende mwenyewe na mchele na kuku, amsalimie, akae kidogo. Asiulize habari za vita. Asipige picha. Kwa Zanzibar na Pwani, ambako nyumba nyingi sikukuu yao ni Idd, nguo za watoto zitangulie kabla mwezi haujaandama.

Na kama uwezo wako ni wa mara moja tu kwa mwaka, basi afadhali uisubiri Januari. Ada ya shule ya serikali iliondolewa 2016, lakini sare, viatu na madaftari havikuondolewa, na wiki ya kufungua shule bei za Kariakoo mnazijua.