KIDOLE CHAKO NI ULIMI WAKO: ACHA KUSAMBAZA USICHOKIJUA

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Wazee wangu, ndugu zangu, wanangu katika imani.

Leo sizungumzii twahara wala mirathi. Nazungumzia simu iliyo mkononi mwako. Somo ni refu kidogo. Asiye na nafasi sasa alisome baada ya Isha, lakini asilisambaze kabla hajalisoma, maana hiyo ndiyo maradhi ninayotaka kuisema.

Wiki hii nimetumiwa ujumbe uleule na watu watano. Unasema Japani imeupiga marufuku Uislamu: Mwislamu hapewi uraia, Qur'ani haiingizwi nchini, Kiarabu hakifundishwi hata chuo kimoja, wala Mwislamu hapangishwi nyumba. Chini yake kuna alama za hasira na maneno: "Tuma kwa Waislamu wote, wajue tunavyochukiwa."

Haya, tuulize. Mji wa Kobe, Japani, una msikiti tangu mwaka 1935. Ulipita salama katika mabomu ya vita vya pili vya dunia na katika tetemeko kubwa la ardhi la mwaka 1995. Tokyo ilipata msikiti wake mkubwa mwaka 1938. Jengo lilipochakaa likavunjwa, na mwaka 2000 likafunguliwa jipya, msikiti wa mtindo wa Kituruki, na adhana inasomwa humo. Mjapani Kotaro Yamaoka, aliyejiita Omar, alikwenda hija mwaka 1909. Qur'ani ilitafsiriwa kwa Kijapani mwaka 1920, na baadaye profesa wao Toshihiko Izutsu akaitafsiri moja kwa moja kutoka Kiarabu. Mwaka 1972 ikatoka tafsiri ya Mjapani Mwislamu, Umar Mita. Kiarabu kinafundishwa katika vyuo vikuu vyao, Tokyo na Osaka. Na kifungu cha 20 cha katiba yao, iliyoanza kutumika mwaka 1947, kinalinda uhuru wa dini.

Sasa niambie, wewe uliyetuma: umewatetea Waislamu au umewasingizia Wajapani? Na wale ndugu zetu Wajapani wanaosema la ilaha illa Allah, umewafuta duniani kwa kidole kimoja. Ujumbe ule ulisambazwa na watu wanaoupenda uwe kweli, watu wanaotamani nchi isiyo na Muislamu. Wewe ukaubeba ukawasaidia kuutembeza.

Upande wa pili kuna uongo unaotufurahisha. Kwamba Neil Armstrong alisikia adhana mwezini mwaka 1969, na aliporudi akaisikia tena Misri, akasilimu. Ndugu yangu, mwezini hakuna hewa, na sauti inahitaji hewa ili isafiri. Mtu mwenyewe alikanusha. Mwaka 1983 wizara ya mambo ya nje ya Marekani iliwaandikia mabalozi wake kueleza kwamba hakusilimu. Amefariki mwaka 2012, na bado kuna watu wanamsilimisha kila Ijumaa.

Mtasema, "Sheikh, hiyo ina ubaya gani? Si inatia watu imani?" Nitawaambia ubaya wake. Kijana wa kidato cha tatu alinifuata baada ya darsa. Alikuwa ameisimulia habari hiyo darasani kwao, mwenzake akatoa simu na kumwonyesha kwamba si kweli. Wakamcheka. Hakuja kwangu kuuliza habari za mwezi. Aliniuliza hivi: "Sheikh, kama hili ni uongo, na mengine mliyotufundisha je?" Mnasikia uzito wa swali hilo? Mtoto huyo hakutikiswa na kafiri wala na kitabu cha mpinga dini. Ametikiswa na mjomba wake aliyemtumia klipu. Qur'ani haina haja ya kuegemezwa gogo bovu. Gogo likianguka, mtoto anadhani nyumba ndiyo iliyoanguka.

Halafu kuna uongo wa lugha, nao ndio unaonichosha zaidi, kwa sababu wanaoueneza hujifanya wanazuoni wa lugha wasizozijua.

Wanasema neno la Kiingereza "mosque" linatokana na "mosquito", yaani mbu, kwamba Wahispania walituita mbu wa kupondwa. Si kweli. Waingereza walilipata neno hilo kwa Wafaransa, Wafaransa kwa Wataliano, na lugha hizo za Ulaya zote asili yake katika neno hili ni masjid. Wahispania wanasema mezquita. Msikiti wa Cordoba, uliojengwa na Abdurrahman wa Kwanza katika karne ya 8, hadi leo wanauita Mezquita. Masjid ilipita midomoni mwa watu ikawa mezquita, kama ilivyopita midomoni mwa mababu zetu ikawa msikiti. Hatujitukani tukisema msikiti. Kwa nini Mwingereza atukane akisema lake?

Wanasema ukimuaga mtu kwa "bye" umemkabidhi kwa Papa. Hilo nalo ni la kubuni. "Goodbye" ni ufupisho wa dua ya zamani ya Kiingereza ya kumwombea mtu Mungu awe naye. Kama hupendi kulisema, sema "maassalama" au "kwaheri", hakuna anayekulazimisha. Lakini usiharamishe kwa uzushi.

Wanasema ukiandika "inshallah" kwa kuunganisha umekufuru, eti umesema Mungu ameumbwa. Ni kweli Kiarabu kina neno inshaa lenye maana ya kuunda, na "in shaa Allah" huandikwa maneno mbalimbali kwa herufi za Kiarabu. Lakini bibi yako aliyekuandikia barua kwa herufi hizi za Kilatini, "tutaonana inshallah", aliandika Kiswahili, na kila aliyeisoma alijua anamtegemeza Mola wake. Ukitaka kutenganisha, tenganisha, ni vizuri. Kumkufurisha bibi kwa nafasi kati ya herufi, hapo umevuka mpaka.

Na kuna wale wakiona maandishi ya Kiarabu tu wanaandika "Amin" na "Subhanallah", kumbe ni tangazo la sabuni au maneno ya wimbo. Kiarabu ni lugha ya Qur'ani, tunakiheshimu. Pia ni lugha ambayo watu hugombania nauli, na Wakristo wa Misri na Lebanoni husali kwayo na kumwita Mungu Allah. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kujitia kujua, na dawa yake ni kujifunza.

Tumtazame Mtume (s.a.w.). Alipotaka kuwaandikia Warumi, aliambiwa kwamba wao hawasomi barua isiyopigwa muhuri. Hakusema, "Hizo ni desturi za makafiri, watasoma wasisome shauri lao." Alitengeneza pete ya fedha ya kupigia muhuri. Hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim. Tena alimwamuru Zayd bin Thabit ajifunze maandishi ya Mayahudi, ili barua zao zisomwe na mtu wa kuaminika, na Zayd akajifunza kwa muda wa karibu nusu mwezi. Na Umm Khalid, mtoto aliyezaliwa Uhabeshi wakati wa hijra, alipoletwa kwake akiwa binti mdogo, Mtume alimvisha nguo na kuisifu kwa neno la Kihabeshi, ili mtoto afurahi kwa lugha aliyokulia. Huyo ndiye kiigizo chetu: alijua desturi ya mgeni, alitaka lugha ya mgeni ijulikane kwa uhakika, na alimtuliza mtoto kwa neno la ugenini. Sisi tunasambaza.

Fungueni Suratul Hujurat. Aya ya 6 inatuamrisha tuhakikishe habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga, kisha tukajuta. Wafasiri wengi wametaja sababu ya kushuka kwake: Al-Walid bin Uqba alitumwa kwa Banu Mustaliq kukusanya zaka. Watu wale walitoka kwa wingi kumpokea. Yeye akaona kundi linakuja, akaogopa, akarudi kusema wamekataa zaka na wanataka kumuua. Tafakarini hapo. Watu wametoka kukaribisha, msafiri akasoma vita. Nusura damu imwagike kwa sababu mtu mmoja hakuielewa desturi ya wenyeji na hakuuliza. Yule alikuwa na mdomo tu. Wewe una kundi la watu mia mbili na hamsini.

Sasa nije kwetu wenyewe, maana tunalaumu Wajapani kwa lisilokuwepo na sisi wenyewe hatuhurumiani.

Ndugu mmoja wa Kenya aliandika katika kundi la maswali ya dini. Alikuwa na dhiki. Akasema amemtamkia talaka bibi yake kwa hasira, anataka kujua hukumu. Kwa Wakenya wengi, bibi ni mke. Kwetu wengi bibi ni mama wa mzazi. Mnajua alichojibiwa? "Yaani umemuoa nyanya yako?" Vicheko, vikatuni, skrini shoti zikapelekwa makundi mengine. Yeye akajaribu kueleza, wakamcheka zaidi. Mwisho akatoka kundini. Swali la talaka, ndugu zangu! Swali la ndoa kuwa halali au haramu usiku uleule, la watoto, la eda. Na mtu ameondoka bila jibu, kwa sababu ya neno ambalo kila mmoja angelielewa kama angesubiri kidogo.

Wakongomani nao tunawafanyia hivyo. Mtu wa Kindu au Kasongo akiandika "niko nasoma Qur'ani", anaambiwa akajifunze Kiswahili kwanza. Je, unajua Kasongo ni nini? Ni mji wa Maniema ambako Kiswahili na Uislamu viliingia pamoja na misafara ya karne ya 19, na Waislamu wake wamebaki na dini yao huko bara, mbali na pwani, vizazi hadi vizazi. Wewe umezaliwa penye msikiti kila mtaa. Yeye kahifadhi dini na lugha katikati ya bara. Nani wa kumcheka mwenzake?

Aya ya 11 ya sura ileile inakataza watu kuwacheka watu, huenda wanaochekwa ni bora kuliko wao. Aya ya 12 inakataza dhana mbaya. Aya ya 13 inasema tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane. Na Suratur Rum, aya ya 22, inahesabu tofauti za lugha na rangi zetu kuwa ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Ukicheka lahaja ya mtu, unacheka nini hasa?

Najua majibu yenu, nimeyazoea.

"Nimetuma kama nilivyopokea." Huo si udhuru, huo ni ushahidi dhidi yako. Maulamaa wa hadithi walisafiri miezi kuulizia mpokezi mmoja: ni nani, ana kumbukumbu gani, alikutana na nani. Waliiona isnadi kuwa ni sehemu ya dini. Wewe unatoka katika umma huo, na isnadi yako ni "nimepokea". Na Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yamtosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila analolisikia. Hakutaja nia.

"Nia yangu njema." Nia njema inatengeneza jambo la halali. Haigeuzi uongo ukawa da'wa.

"Mbona wao wanatuzushia?" Wanatuzushia, ni kweli, na inauma. Suratul Maida, aya ya 8, inatukataza chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Uadilifu kwa unayempenda hata watu wa jahiliya walikuwa nao.

"Sina muda wa kuhakikisha." Basi una muda wa kunyamaza. Kunyamaza hakuli hata bando.

Kwa hiyo nawaachia haya, na wasimamizi wa makundi nawasisitizia zaidi, kwa kuwa kila mchunga ataulizwa alichokichunga:

1. Ujumbe unaokuambia "tuma kwa watu kumi" usitumwe. Dini haina minyororo ya namna hiyo.

2. Habari ya nchi ya mbali, uliza mtu aliyeko huko. Siku hizi tuna watoto wetu Oman, Uturuki, Uingereza, Marekani, Uchina. Meseji moja inatosha.

3. Neno la lugha usiyoijua, usilitolee hukumu. Muulize anayeijua.

4. Mtu akiandika Kiswahili cha kwao, jibu alichouliza. Kama hukuelewa neno, sema kwa adabu: "Samahani ndugu yangu, hapo unakusudia nini?"

5. Ukishatuma uongo, rudi palepale ulipoutuma useme haukuwa kweli. Kuufuta kimya kimya hakutoshi, maana waliousoma wameshaubeba.

Hilo la tano ndilo gumu, najua. Utaona aibu mbele ya kundi. Aibu ya hapa ni ya watu mia mbili na hamsini, na kesho wamesahau. Aibu ya kule ni mbele ya viumbe wote, na kitabu hakisahau, kimeandika na tarehe na saa.

Ewe Mola, zihifadhi ndimi zetu na vidole vyetu. Tujaalie tuwe wakweli kwa tunaowapenda na tusiowapenda. Wasamehe waliotuma bila kujua, na watie nguvu ya kurekebisha. Na yule ndugu aliyeuliza akachekwa, mpatie Ewe Mola mwenye kumjibu kwa elimu na huruma. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.