Kukunjamana kwa Nguo na Kukunjamana kwa Mtu

Mfasiri anapokutana na mhusika ambaye nguo zake hazikupigwa pasi na nywele hazikuchanwa, hushawishika kuandika: "Mzee yule alikuwa amekunjamana." Sarufi haimkatazi. Kunjamana, sawa na shikamana na fungamana, hukubali kiima chenye uhai. Kasoro imo katika maana.

Mzizi kunj- umekwisha kupewa kazi yake kwa binadamu. Mtu hukunja uso akikasirika na kuukunjua akifurahi. Aliyekunjuka moyo huitwa mkunjufu, hata kama kanzu yake imetoka sandukuni asubuhi hiyo hiyo na mikunjo yake yote. Kwa msomaji aliyeizoea mifano hiyo, "mzee aliyekunjamana" ni mzee aliyenuna, au ambaye ngozi yake imefanya makunyanzi. Shati halimo katika picha hiyo.

Muundo wa sentensi wenyewe unathibitisha jambo hili. Husemwa "amekunjamana uso", kama isemwavyo "amevunjika mguu": kiungo cha mwili hufuata kitenzi, na mwenye kiungo ndiye kiima. "Amekunjamana shati", kwa upande mwingine, haina ufasaha. Vazi hudai kuwa kiima chenyewe: "shati lake limekunjamana". Kiswahili hapa hutenga mwili na kinachouvika, na mfasiri asiyeutambua mpaka huo humpa mhusika hasira ambayo mwandishi hakumpa.

Wapo watakaojibu kwamba chakaa kimeuvuka mpaka huo huo, kwani nguo huchakaa na mtu pia husemwa amechakaa. Ni kweli. Lakini chakaa hakikukuta maana nyingine ikikingojea kwa binadamu. Kunjamana kinakuta nafasi imekaliwa. Wala hapana upungufu wa maneno unaolazimisha uhamisho huo: mtu asiye nadhifu, aliyevaa ovyo ovyo, asiyejitengeneza, yote yapo na yanaeleweka.

Watunzi wa kamusi wangesaidia iwapo wangeainisha maana za kunjamana kwa kufuata kiima chake, yaani nguo, uso na mtu, na kila maana ikapewa mfano wake. Msahihishaji naye anayepiga mstari mwekundu chini ya "alikuwa amekunjamana" na kuandika pembeni "kosa la sarufi" humwacha mwanafunzi akikagua viambishi ambavyo havina kasoro yoyote.