Msiba Hauna Daftari

Mtu anayefika Musoma kutafuta riziki, akapanga chumba Nyasho au Mwisenge, huacha nyuma kitu kimoja asichoweza kukifunga katika mzigo wake, nacho ni ukoo. Kijijini mtu akiugua, wenziwe hupata habari kabla jua halijatua. Akifa, hapana anayeuliza nani atachimba kaburi. Mjini sivyo. Nyumba moja yaweza kuwa na Mzanaki, Mkurya, Mjita na Mjaluo, kila mmoja na kufuli lake, wasijuane hata majina.

Kwa sababu hiyo twazistahi jumuiya ndogondogo za Kikristo zilizoenea katika mitaa ya Musoma na Bunda. Maaskofu Wakatoliki wa Afrika ya Mashariki walizikusudia mwaka 1973, wakakutana tena Nairobi mwaka 1976 kuliimarisha jambo hilo. Nia ilikuwa kwamba kanisa lisiishie katika jengo la parokia, bali liwe kati ya majirani wachache wanaojuana. Watu hukutana nyumbani kwa mmoja wao, husoma Injili, kisha huulizana: nani mgonjwa? Nani amefiwa? Mtoto wa nani hana sare ya shule? Hivyo mpangaji aliyekuja peke yake hupata ndugu.

Lakini yapo malalamiko tuyasikiayo, wala si ya Mara peke yake. Husemwa kwamba mtu akifa, swali la kwanza ni kama alihudhuria jumuiya na kama michango yake imetimia katika daftari. Akionekana na upungufu, wafiwa huachwa wazike bila ya padre. Viongozi wa jumuiya wanayo hoja yao, nasi hatuidharau: asiyekwenda kwa wenziwe katika uhai wake, kwa haki gani adai wote waje kwake siku ya kufa? Tena jumuiya haina hazina ila mifuko ya watu wake.

Hata hivyo, sharti tuseme kweli. Asiyehudhuria si lazima awe mkaidi. Mvuvi wa dagaa hukesha ziwani na taa zake. Mlinzi hulala wakati wenziwe wanaposali. Mama wa sokoni akikosa siku moja, watoto hulala na njaa. Na asiyechanga pengine aliona haya kuja mikono mitupu. Hao ndio hasa wanaoihitaji jumuiya. Na anayeadhibiwa si marehemu, bali ni mjane na yatima.

Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 na kubatizwa mwaka 1943, aliwaambia masista wa Maryknoll huko New York, Oktoba 1970, kwamba Kanisa lisiposhiriki kupigana na mambo yanayomtia mtu katika umaskini na unyonge, litapoteza maana yake kwa mwanadamu. Alisema juu ya mifumo ya dunia. Lakini unyonge huanzia mtaani, chumba cha pili.

Basi twashauri hivi. Anayekosa mara tatu na aendewe kabla ya kuandikwa. Mchango usiwe sharti la maziko. Na Mwislamu, Mmenoniti au asiye na dini aliye katika nyumba ile ile ahesabiwe jirani siku ya ugonjwa. Daftari na liwepo, kwani fedha za watu zahitaji hesabu. Lakini litumike kumtafuta aliyepotea, lisitumike kumkana akiisha kufa.