Sabuni ya mikono Dodoma: Mafuta yake yametoka shamba la nani?

MABANDA ya sabuni za kuogea na mafuta ya kupaka yaliyotengenezwa kwa mikono yamekuwa sehemu ya kawaida ya maonyesho ya Nanenane ya Kanda ya Kati, katika viwanja vya Nzuguni, Dodoma. Sabuni ya alizeti, mafuta ya ubuyu na mafuta ya mgando yenye nta ya nyuki huuzwa kwa maelezo kwamba ni vitu vya asili, na kwamba anayevinunua anamwinua mkulima wa hapa.

Maelezo hayo ni matamu, lakini yanahitaji kupimwa. Kwa mkulima wa Kongwa, Mpwapwa, Manyoni au Iramba, jambo kubwa si kama sabuni imetengenezwa kwa mkono au kwa mashine. Jambo kubwa ni mafuta yaliyomo ndani yametoka wapi.

Mawese ya nje, mkono wa ndani

Sabuni ya kipande hutokana na mafuta, maji na kostiki soda. Kilo 10 za mafuta ya alizeti huhitaji takriban kilo 1.3 za kostiki, na kutoa zaidi ya vipande 100 vya gramu 100 kila kimoja. Mafuta, basi, ndiyo sehemu kubwa ya malighafi. Mtengenezaji anayetumia mafuta ya mawese kutoka Malaysia au Indonesia hujipatia ujira wa kazi ya mikono yake, lakini fedha ya mafuta humfuata mkulima wa huko.

Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu inayoeleweka. Alizeti ikitumika peke yake hutoa sabuni laini inayoyeyuka haraka bafuni, na mafuta yake huwahi kuchacha. Mawese huipa sabuni ugumu.

Hata hivyo, nyanda za kati zina mafuta yao magumu: mafuta ya ng'ombe. Huu ni ukanda wa wafugaji, wenye machinjio na Ranchi ya Taifa ya Kongwa. Mafuta ya ng'ombe yaliyoyeyushwa, kuchujwa vizuri na kuchanganywa na alizeti hutoa sabuni ngumu bila kuhitaji mawese ya nje. Kinachotakiwa ni kuyataja wazi kwenye lebo, kwani wapo wateja wanaotaka kujua mnyama ni yupi.

Aidha, kuna mbegu za ubuyu. Baada ya unga wake kutumika kwa juisi na pipi, mara nyingi mbegu huonekana ni taka. Zikikamuliwa bila kuunguzwa hutoa mafuta yanayotumika kwa ngozi na nywele, nayo huuzwa kwa chupa ndogo badala ya ndoo. Hapa ndipo kazi ya kiasi kidogo inapolipa zaidi.

Si mwokozi wa alizeti

Wakulima wasidanganyike kwamba sabuni itamaliza tatizo la soko la alizeti. Vipande 1,000 hutumia chini ya kilo 100 za mafuta. Kwa mashine inayotoa robo ya uzito wa mbegu kuwa mafuta, hizo ni kilo 400 za mbegu, yaani magunia machache tu. Ukichanganya na mafuta ya ng'ombe, kiasi hicho hupungua tena.

Soko kubwa la alizeti litabaki kuwa jikoni. Kwa muda mrefu Tanzania imezalisha chini ya nusu ya mafuta ya kula inayohitaji, na ndiyo maana bei ya shambani huyumba kila mafuta ya nje yanapoingia kwa wingi. Mwaka 2018 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi kutoka nje hadi asilimia 25 na yaliyosafishwa hadi asilimia 35 ili kumlinda mkulima. Lakini mwaka 2023 wakulima wa Singida na Dodoma walilia tena kwa bei iliyoporomoka. Sabuni haiwezi kuziba pengo la namna hiyo.

Inachoweza kufanya ni kuongeza thamani ya sehemu ndogo ya zao. Kikundi kinachokamua chenyewe huuza mafuta ya kula, hupeleka mashudu kwa wafugaji, na sehemu ya mafuta hugeuzwa sabuni. Asiye na mgawo katika mashine ya kukamua ataendelea kuuza gunia kwa bei ya mlanguzi, hata kama jirani yake anatajirika kwa sabuni.

Mtaji unaolala

Kwa bei, sabuni ya mkono haiwezi kukishinda kiwanda. Kiwanda hununua mafuta kwa meli na vingi hutenganisha gliserini na kuiuza peke yake. Kwenye sabuni ya mkono gliserini hubaki ndani, jambo lenye manufaa kwa ngozi, lakini sabuni isiyopikwa huhitaji kukaa wiki nne hadi sita ikikauka kabla ya kuuzwa. Muda wote huo fedha ya mafuta, kostiki na vifungashio imelala juu ya rafu.

Mtengenezaji asiyeweka gharama hiyo katika hesabu hujikuta anauza kwa hasara huku akidhani anapata faida. Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, iliyosimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, inaweza kusaidia kuvuka wiki hizo.

Wateja wapo. Jiji la Dodoma lilikuwa na watu wapatao 765,000 katika sensa ya 2022. Watumishi wa Serikali walianza kuhamia mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu 2007, na treni ya SGR kutoka Dar es Salaam ilianza mwaka 2024. Nyumba za wageni, ofisi na abiria wanaotafuta zawadi wanaweza kulipa zaidi, lakini kwa bidhaa wanayoiamini.

Asili pekee haitoshi

Imani hiyo haijengwi na neno "asili". Wananchi wameumizwa vya kutosha na vipodozi vya kuchubua ngozi vyenye zebaki. Sabuni iliyozidishwa kostiki nayo huunguza, hata kama alizeti yake imetoka Mkalama. Kupima kwa mizani badala ya kopo, na kuandika kila mchanganyiko wenye tarehe yake, ndiyo ulinzi wa kwanza.

Tangu mwaka 2019 usimamizi wa vipodozi umekuwa chini ya TBS. Mjasiriamali mdogo anaweza kupitia SIDO, apate barua ya utambulisho na kuingia katika utaratibu wa alama ya ubora.

Mfano upo Moshi. Katika muongo wa 2010, wataalamu wa ngozi katika Hospitali ya KCMC walianza kutengeneza losheni ya kuwakinga na jua watu wenye ualbino. Uzalishaji wake si wa kiwanda kikubwa, lakini unasimamiwa kitaalamu. Udogo haukuwa kisingizio cha kubahatisha.

Ni vyema basi kila mmoja afanye sehemu yake. Mnunuzi aulize mafuta yametoka wapi. Mtengenezaji aandike jibu kwenye lebo. Naye mkulima, kabla ya kushangilia sabuni yenye picha ya ua la alizeti, ahakikishe kwamba alizeti imo ndani, na kwamba ana hisa katika mashine iliyoikamua.