Askari Hakuchagua Kambi

Wako vijana wa Afrika Mashariki wanaotumikia jeshi la Marekani, na baadhi ya wasomaji wetu kambini na vituoni ni ndugu zao. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kulizungumza jambo linalowatatiza vijana hao kila mwaka, nalo ni kodi ya mapato ya majimbo.

Nchi hiyo ina majimbo 50, na mengi kati yao hutoza kodi ya mapato mbali na ile ya serikali kuu. Raia akaaye New Jersey na kufanya kazi New York hana budi kujaza fomu za majimbo yote mawili. Hulipa New York, ambako fedha imechumwa, kisha jimbo la nyumbani humpunguzia kwa ajili ya kodi hiyo. Polisi wa jiji la Washington akaaye Maryland ana nafuu, kwani tangu 1973 sheria ya Bunge inalikataza jiji hilo kutoza mapato ya wasio wakazi wake.

Ama askari wa jeshi, yeye ana sheria yake, nasi twaiunga mkono bila kusita. Tangu 1942, jimbo alikopelekwa kwa amri haliruhusiwi kuutoza mshahara wake wa kijeshi. Anayeweza kuutoza ni jimbo la makazi yake ya kisheria. Mwaka 2009 wake na waume wa askari nao walifikiriwa, kwa masharti. Mtu wa Texas, ambako hakuna kodi hiyo, akihamishiwa San Diego, California haigusi mshahara wake. Ni haki. Raia huhama kwa hiari yake. Askari huamka akakuta jina lake limo katika orodha.

Hata hivyo, nafuu hiyo si maficho. Askari anayelinda duka usiku huko San Diego ili ajiongezee kipato, ujira huo hutozwa na California. Wala makazi ya kisheria hayapatikani kwa sanduku la posta: huangaliwa alikojiandikisha kupiga kura, leseni yake ya udereva, na nia yake ya kurejea. Wanaojiita watu wa Texas bila kuwa na makazi huko huja kudaiwa malimbikizo pamoja na riba.

Jimbo la askari huandikwa katika hati yake ya mshahara. Mwenye ndugu huko amwandikie alitazame kabla ya tarehe 15 Aprili.