Nani Aliyeifunga Valvu?

Ndugu Wafanya Kazi,

Matajiri wa kazi ya kuweka bomba za sprinkla na vyombo vingine vya kuzimia moto wanalalamika ya kuwa watu wetu wa Migori na Homa Bay ni wazito, ati kazi ya siku tatu inakwenda siku saba. Wengine sasa wanataka kila fundi aonyeshe kwa simu saa aliyofika na saa aliyoondoka. Sisi hatukatai kuhesabiwa. Lakini hesabu na ianze pale kazi inapoanzia, yaani afisini na katika stoo, isianze kwa mtu aliye juu ya ngazi.

Tuchukue jambo ambalo wanachama wengi wamelionja. Lori linatoka Kisumu alfajiri, linafika Homa Bay na bomba za inchi mbili na fitingi za inchi moja na nusu. Karani hakulinganisha orodha na mchoro. Mafundi wanakaa kivulini kutwa wakilitazama ziwa. Kesho yake fitingi zinaletwa kwa matatu, na zenyewe ni pungufu. Mwisho wa mwezi siku ile inaandikwa kuwa ni uvivu, na mshahara unakatwa. Ndugu, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamruhusu tajiri kukata kwa ajili ya mali iliyoharibika au kupotea kwa kosa la kusudi la mfanya kazi, au kwa siku ambayo mtu hakuja bila ruhusa. Mtu aliyekuja, akakaa na spana mkononi akingoja fitingi, hayumo katika hayo mawili. Lakini atathibitishaje ya kuwa alikuja na kungoja, ikiwa hakuna mahali palipoandikwa?

Jambo la pili ni zito zaidi. Kichwa cha sprinkla kina kichupa kidogo cha kioo. Kile cha rangi nyekundu hupasuka joto likifika digrii 68, na maji hutoka pale penye moto tu, si nyumba nzima kama watu wanavyoona katika sinema. Ni chombo cha kuaminika. Uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha ya kuwa kinaposhindwa, sababu ya mara nyingi ni moja: maji yalikuwa yamefungwa. Yaani kuna mtu aliyeifunga valvu ili abadilishe fitingi inayovuja, jua likatua, akaondoka.

Mwandishi wa maneno haya aliona jambo hilo kwa macho yake katika jengo moja la upande wa Migori. Valvu ilikutwa imefungwa, na hakuna aliyejua tangu lini. Fundi alisema ni msaidizi, msaidizi akasema ni mlinzi, nyapara akasema yeye alikuwa Rongo siku hiyo. Afisi ilimfukuza msaidizi, kwa kuwa ndiye mdogo. Kwa bahati njema moto haukuwaka. Sheria hiyo hiyo inasema mtu asifukuzwe kwa makosa kabla ya kuelezwa sababu na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mwenzake au mjumbe wa chama. Msaidizi yule hakusikilizwa na mtu.

Sasa tuseme na yetu. Wako wanachama wanaotia sahihi kipimo ambacho hawakukifanya. Bomba hutiwa maji kwa nguvu na kuachwa kwa muda wa saa mbili, geji isishuke. Wengine hutazama geji dakika kumi, wakaandika saa mbili, wakaenda kula samaki. Chama hakitamtetea mtu wa namna hiyo. Watu wa Homa Bay hawajasahau watoto wanane waliokufa katika moto wa bweni huko Asumbi mwaka 2012. Hatusemi sprinkla ingewaokoa, mambo yale yalikuwa na sababu zake. Twasema moto katika kaunti zetu si hadithi ya magazetini.

Basi halmashauri inataka mambo haya yatiwe katika mapatano. Kila kazi iwe na kadi yenye nakala mbili, moja ibaki na fundi. Stoo ikitoa vifaa, anayetoa na anayepokea watie sahihi pamoja, lori likiwa bado halijaondoka. Siku ya kungoja iandikwe kuwa ni ya kungoja, na sababu yake. Valvu ikifungwa, itundikwe kibao chenye jina na saa, na aliyeifunga ndiye aifungue mbele ya mwenye jengo. Kipimo kishuhudiwe na mtu wa pili, na geji ipigwe picha mwanzo na mwisho. Tena, penye wafanya kazi 20 au zaidi, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama yenye wajumbe wa pande zote mbili. Tajiri asiyekuwa nayo asije kwetu na habari za simu.

Mpaka mapatano yatakapotiwa sahihi, nunua daftari lako mwenyewe, uandike kila jioni kabla ya kupanda gari. Wenye kadi za zamani za kazi, hata zilizochafuka, wazilete kwa katibu wa tawi. Tunazihitaji mezani siku ya mazungumzo.

Mhariri.